Mtutu wa Nels

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, tone la kwanza la damu lilionekana juu ya jiwe jeupe. Lilikuwa pana kama kifungo cha shati, na rangi yake ilikaribia weusi kuliko wekundu. Verlin Tostrud alipiga goti, akaligusa kwa kidole, akakinusa kidole. Kilinuka majani yaliyochachuka.

Shemeji yake, Ardis, alikuwa amesimama nyuma yake, bunduki mpya ikining'inia begani, macho ameyakaza kwenye uso wa Verlin kama mtu anayengoja hukumu isomwe.

"Ya mapafu?"

"Hapana."

"Ini?"

"Tumbo, shemeji. Risasi imepita chini, tena nyuma."

Ardis alitazama jiwe, kisha akatazama juu, mahali kondoo dume wa mwituni alipokuwa amesimama kabla ya mlio. "Nilimlenga nyuma ya bega. Alinipa ubavu mzima, hana habari na dunia. Mita mia mbili, Verlin. Mtoto angempata."

"Twende taratibu," Verlin alisema. "Tusimfukuze. Akilala, tunaye."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa yote. Kondoo wa milimani aliyepigwa tumboni anaweza kutembea mchana kutwa na kwenda kufia kwenye ufa wa mwamba ambao hata kunguru huchelewa kuugundua. Hilo Ardis alilijua pia. Asilolijua ni kwa nini risasi ilikwenda chini. Verlin alilijua, na alikuwa amelijua tangu Agosti.

Katika jimbo la Montana, kibali cha kuwinda kondoo dume hutolewa kwa bahati nasibu. Watu huanza kuomba wangali vijana, huendelea mpaka ndevu zinageuka mvi, na wengi huzikwa bila kukipata. Ukikipata, unakaa miaka saba kabla ya kuruhusiwa hata kuomba tena. Nels Tostrud, kaka yake Verlin, aliomba maisha yake yote ya utu uzima. Mkewe Ardis aliomba pembeni yake, kwa kumpa mwenziwe moyo tu. Februari Nels alikufa kwa saratani ya kongosho. Juni majina yalipotoka, lililotoka lilikuwa la Ardis. Alikuwa anakaribia miaka sitini, na magoti yake yalikuwa yameshaanza kumhesabia ngazi. Kwake hii ilikuwa mara moja na basi.

Siku iliyofuata alikwenda kwenye karakana ya Verlin, nyuma ya nyumba. Verlin alikuwa amesomea uhandisi, akaacha kazi ya mabwawa, na sasa kwa miaka mingi alikuwa akitengeneza bunduki nyepesi za kuwindia milimani, moja moja, kwa kipimo cha mwenyewe. Watu wa majimbo ya mbali walingoja zamu.

"Nitengenezee nyepesi," Ardis alisema. "Ile yangu ya zamani inapiga vizuri, lakini nikiibeba juu kule nitafika nikiwa maiti. Risasi iwe ileile ya zamani, Saba Nane."

Saba Nane ndilo jina walilolizoea: ganda fupi, risasi ya milimita saba, baruti ya wastani. Ardis alikuwa ameangusha kulungu kwayo karibu kila msimu wa baridi, akalisha nyumba.

"Unaipendea nini?" Verlin alimtania. "Siku hizi ni ya wasichana wa shule."

"Naipendea adabu. Inakusukuma kama mtu anayeomba njia kanisani. Ile Mia Tatu ya mume wangu ilikuwa inakusukuma kama mlevi."

Walicheka wote wawili. Ardis alipoondoka, Verlin aligeuka akatazama ukutani. Kwenye msumari, umefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, ulining'inia mtutu mwembamba wa chuma cha pua. Wakati wa Krismasi, Nels akiwa bado anatembea, ndugu hao wawili walikuwa wameuchagua pamoja kwa ajili ya bunduki ambayo Nels angeibeba siku jina lake litakapotoka. Verlin alikuwa ameshachonga chemba, tundu la kukalia risasi. Ilikuwa chemba ya Mia Tatu: ganda refu, baruti nyingi, risasi nzito inayovuka bonde zima na bado ina nguvu upande wa pili.

Coy Trask, jirani mwenye nyumbu wa kubebea mizigo, ambaye kila asubuhi alikuja kunywa kahawa ya wenzake na kukosoa kazi zao, alimkuta Verlin ameufungua ule mtutu na kuulaza mezani.

"Huo si wa Nels?"

"Ndio."

"Na hiyo bunduki si ya Ardis?"

"Ndiyo hiyo."

Coy aliweka kikombe chini. "Sasa unamtengenezea mama wa watu bunduki, au unamtengenezea mzinga?"

"Kondoo anaweza kusimama ng'ambo ya bonde."

"Akisimama ng'ambo, Ardis atakaa chini amngoje avuke. Yule mwanamke ana subira kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

"Nels ndiye aliyeichagua."

"Nels alikuwa na mabega kama mlango wa ghala. Tena Nels amekufa, bwana, Mungu amlaze pema. Yeye hapigwi teke tena."

 Coy alipokwenda zake, Verlin alichukua chaki akaandika ubaoni uzito wa risasi, uzito wa baruti, mwendo, na uzito wa bunduki yenyewe ikiwa na darubini juu yake. Ni hesabu asiyoihitaji mhandisi. Bunduki ikiwa nyepesi, teke lote la risasi hurudi begani, maana hakuna mzigo wa kulimeza. Jibu lilikuwa kwamba Mia Tatu katika bunduki ile ingempiga Ardis karibu mara mbili ya Saba Nane katika bunduki ileile. Na kondoo dume ni kilo mia na ushee, ngozi yake si ya nyati. Saba Nane ingemtosha na kubaki.

Hesabu haikuwa na kosa. Verlin aliifuta kwa mkono wa shati.

Alifanya kazi wiki zote za kiangazi. Kitako alikifinyanga kwa nyuzi za kaboni, bolti ya kufungia chemba akaichonga mifereji, skrubu za chuma akazibadilisha kwa nyingine za titani. Kwenye droo alikuwa na kipande cha kufunga mdomoni mwa mtutu, chenye matundu ya kutoa moshi pembeni, ambacho kingepunguza teke kwa theluthi moja au zaidi. Kinapasua masikio, na Nels alikuwa ameapa hatakitumia. Verlin alikiacha kwenye droo.

Bunduki ilipokamilika aliipima shabaha kama mafundi wa aina yake wanavyopima: ameketi, bunduki juu ya mito ya mchanga, na kati ya kitako na bega lake kifuko kilichojazwa vigololi vya madini ya risasi. Kifuko kinameza teke, mkono unatulia, na bunduki inasema ukweli wake yenyewe. Matundu matatu yaligusana kwenye karatasi. Kipimo hicho humwambia fundi kila kitu kuhusu bunduki. Kuhusu bega la mtu hakimwambii chochote.

Mwanzoni mwa Agosti aliilaza mezani mbele ya Ardis. Ardis aliinyanyua kwa mkono mmoja, akacheka kwa furaha ya wepesi wake. Halafu akauona mtutu.

"Verlin. Huu..."

"Ule wa Krismasi."

Kicheko kilimwishia. Aliuwekea kiganja, akakiacha hapo kitambo.

"Nilisema Saba Nane," alisema taratibu, si kwa lawama.

"Huu utafika mbali zaidi."

Ardis aliitikia kwa kichwa. Zawadi ya marehemu haikataliwi, na Verlin alilijua hilo kabla hajaiweka mezani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Verlin hulifanya kila mara kabla hajamkabidhi mtu bunduki yake. Humpeleka kwenye uwanja wa shabaha, hujaza risasi yeye mwenyewe akiwa amempa mgongo, na katikati ya risasi nzima huweka moja isiyo na baruti wala fataki ya kuiwasha. Mpigaji hajui ipo zamu ya ngapi. Risasi ikilia, kishindo huficha yote, lakini anapovuta na bunduki isilie, mkono wake unabaki uchi: ama mtutu umetulia kama jiwe, ama umeruka. Mtutu ukiruka, Verlin hamkabidhi mtu bunduki. Anabadilisha risasi, au anaongeza uzito, au anamrudisha mazoezini. Aliwahi kumrudisha nyumbani daktari wa upasuaji aliyekuja kwa ndege.

Ardis alipiga ya kwanza, akauma midomo. Ya pili ilimfanya ajisugue bega. Ya tatu ilitoa sauti ndogo tu, tik, na mtutu ukazama mbele upana wa vidole viwili. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Aliyafumbua, akaitazama bunduki. "Mbona haikulia?"

Verlin alikuwa na muda wa pumzi moja. Kuagiza mtutu mwingine na kuuchonga kungekula Septemba yote. Kulikuwa na ile bunduki ya zamani, nzito, juu ya mlango wa jikoni kwa Ardis, na nyumbu wa Coy wangeweza kuibeba nusu ya mlima. Yote hayo aliyaona kwa pamoja. Aliuona pia ule mtutu ukirudi msumarini.

"Fataki mbovu," alisema. "Hutokea."

"Na mimi nilidhani nimekosea kitu."

"Hujakosea."

Ndivyo walivyofika mlimani.

Siku ile ya kwanza walifuata damu mpaka adhuhuri. Walikuta mahali kondoo alipolala kwenye changarawe, pamelowa, kisha matone yakaanza kuachana, moja hapa, jingine mbali kule, na kwenye ukingo wa genge la mawe yaliyovunjika yakakoma. Coy alipanda kutoka kambini akaungana nao. Walitambaa magengeni mpaka giza lilipokaribia. Ardis hakulalamikia magoti, wala hakupumzika isipokuwa alipolazimishwa. Kila wakati Verlin alipomtazama alimkuta akisogeza midomo, akirudia ile risasi peke yake.

Siku ya pili walirudi kulekule. Hapakuwa na kunguru angani, hapakuwa na harufu. Baada ya saa sita mchana theluji ilianza, nyepesi kwanza, halafu nzito, ikafunika mawe na kila kilichokuwa juu yake. Waliteremka hemani. Coy aliwasha jiko la kuni, akakaanga viazi na soseji za kulungu. Ardis hakula. Alitoa kibali mfukoni, karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, ambayo mwindaji akishapata mnyama huikata alama za mwezi na tarehe na uwindaji wake ukaishia hapo, akakilaza gotini.

Coy alikiona. "Hapana, Ardis. Weka hicho."

"Damu imemwagika."

"Sheria ya jimbo haisemi ukate kwa sababu ya damu. Sheria inasema ukate ukimpata mnyama. Umempata? Hujampata. Msimu una wiki tele mbele."

"Kwetu aliyemwaga damu amemaliza kuwinda. Nels alikata chake kwa kulungu ambaye hatukumwona tena. Tulikula maharage msimu wote wa baridi."

"Nakumbuka. Mlikuja kula na kwangu. Lakini kulungu unapata kibali kila mwaka! Huyu ni kondoo, mama. Hata padri angefumba jicho moja."

"Mimi niliyafumba mawili," Ardis alisema. "Niliyahisi. Kabla ya mlio niliyafumba, nikaivuta kama kamba ya kengele. Miaka yote hii nawafundisha wanangu wasishtuke, halafu mimi, kwa mnyama huyu mmoja..." Hakumaliza. "Si bunduki, Verlin. Usije ukadhani nailaumu bunduki. Ni mimi."

Verlin alikuwa ameshika sahani ya viazi. Aliiweka chini kwa uangalifu usiohitajika.

"Ile fataki ya Agosti haikuwa mbovu," alisema.

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Coy aliacha kutafuna.

"Niliweka ganda tupu kwa makusudi. Kila mteja namfanyia hivyo. Bunduki isipolia, mtutu unaonyesha mkono umefanya nini. Wako ulizama. Na macho uliyafumba, vilevile kama jana."

"Ukaniambia fataki."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza kama nimekosea kitu, ukasema sijakosea."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtutu ulikuwa wa Nels."

"Hiyo si sababu, Verlin. Hilo ni jina la mtu."

Coy aliinuka nusu. "Ngoja nikawaangalie nyumbu."

"Kaa, Coy," Ardis alisema bila kumtazama. "Nyumbu wana akili, wanajiangalia." Akamgeukia tena shemeji yake. "Ungeniambia, ningebeba ile ya zamani. Ningepanda pole pole. Ningechelewa kufika juu, pengine nisimwone kabisa. Lakini asingekuwa kule nje sasa hivi na tumbo wazi kwenye theluji."

"Najua."

"Usiniambie unajua. Kujua ulijua tangu Agosti."

 Verlin alikuwa amejiandaa kwa machozi au matusi, si kwa sauti ile tulivu. 

"Basi kosa ni langu," alisema. "Usikate kwa kosa la mtu mwingine, shemeji. Nakuomba. Coy atateremka kesho ailete ile ya zamani. Tutangoja theluji ikatike."

"Kibali kina jina la nani?"

"Lako."

"Kidole kilichovuta ni cha nani?"

Verlin alikitazama kibali gotini mwa Ardis.

"Nipe kisu," Ardis alisema.

Alimpa. Ardis aliinamia mwanga wa jiko, akaichokoa alama ya mwezi pembeni mwa karatasi, kisha ya tarehe, na kila alipomaliza moja alipuliza kipande kidogo kikaangukia majivuni. Alitumia tarehe ya jana, siku ya damu. Halafu alikifunga kisu, akakirudisha kwa mwenyewe, akavuta sahani ya viazi akala vyote.

"Kesho tunamtafuta tena," alisema alipomaliza. "Kibali kimekwisha. Yeye bado."

Walimtafuta siku nzima iliyofuata, theluji ikiwafika magotini. Hawakumwona. Coy alipakia nyumbu wakashuka. Ndani ya gari, mpaka wanafika njia panda ya kwa Ardis, aliyezungumza ni Coy peke yake, naye alizungumzia matairi.

Jumamosi iliyofuata Ardis alisimamisha gari nje ya karakana bila kuzima injini. "Chukua ile bunduki," alisema. "Risasi ninazo."

Uwanja wa shabaha ulikuwa mtupu, karatasi za zamani zimelowa kwenye mbao. Verlin alipanga mito ya mchanga. Alipofungua begi kutoa kile kifuko cha vigololi, Ardis alikichukua mkononi mwake, akakitupa kiti cha nyuma cha gari.

"Hicho mimi sikuwa nacho."

Akamgeuzia mgongo, akajaza risasi. Verlin alisikia shaba ikigusana na chuma, mara tatu. Hakuhitaji kuambiwa ndani kuna nini. Alikaa, akaweka shavu kwenye kitako, na kwa mara ya kwanza bega lake likagusana na bunduki aliyoitengeneza bila kitu katikati.

Ya kwanza ililia. Teke lilimwingia begani likatokea kwenye meno, na darubini ikamgonga juu ya jicho.

"Endelea," Ardis alisema.

Alifungua bolti, akaifunga. Alijiambia pumua, alijiambia kidole peke yake, maneno yaleyale anayowaambia wateja. Ya pili ililia. Michirizi ya machozi ya baridi ilimshuka upande mmoja wa pua.

Alifungua bolti, akaifunga. Ilibaki moja, na alijua ni ipi. Alipumua, akaishikilia pumzi, akavuta.

Ilisema tik, na mtutu ukazama mbele upana wa vidole viwili. Ardis aliuona. Alipofumbua macho, Verlin naye akauona.